SILSILA NA NASABA: Dufu, dhikri na Waislamu wasiokuwa na ukoo wa kutajwa, kutoka Bagamoyo hadi Sepuka

  

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulirudi Sepuka, mkoani Singida, tukiwa vijana tuliotoka masomoni na sanduku la vitabu. Sepuka ya wakati ule ilikuwa katika wilaya ya Singida Vijijini. Tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Ikungi. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya mawe makubwa, ya uwele, mtama na alizeti. Wazee wa msikiti walitupokea kwa heshima ambayo hatukuwa tumeistahiki, na Ijumaa ya pili wakatupa mimbari. Tukaitumia khutba hiyo kuwaambia wazee walewale kwamba dufu wanalolipiga usiku wa kuamkia Ijumaa ni bid'a isiyokuwa na asli, na kwamba wanaolipiga wanapoteza amali zao. Tulisoma dalili zetu kwa Kiarabu, tukazifasiri haraka haraka, tukateremka tukijiona tumekwisha kufikisha.

Baada ya sala alitujia mzee mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mshika dufu. Alikuwa na umri wa kuwa babu yetu, na sisi tulipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha naye akatuita mwalimu. Akasema: "Mwalimu, sisi hatukuingia kwa kitabu, kitabu hatukuwa nacho. Mimi niliingia kwa dufu hili. Sasa ukilitoa, na mimi unanitoa niende wapi?"

Hatukumjibu. Tulidhani ni maneno ya mtu asiyejua, tukayapuuza. Imetuchukua miaka mingi ya kusoma, na kusoma upande wa tarekhe ambao hatukufundishwa sana chuoni, kuelewa kwamba mzee yule alikuwa ametuuliza mas-ala kubwa kuliko ile tuliyoisemea mimbarini. Alikuwa anauliza habari ya nasaba: mtu aliyeingia katika Uislamu hana baba Muislamu, hana babu Muislamu, hana ukoo unaotajwa mbele za watu, huyo anajinasibisha na nani?

Nasaba katika vitabu na nasaba mitaani

Wanafunzi wa Kiarabu wanajua kwamba nasab, nisba na intisab ni maneno ya mzizi mmoja. Nasab ni ukoo wa damu. Nisba ni ile yai ya mwisho wa jina inayomtia mtu katika mji, kabila au kazi: al-Barawi, al-Makki. Intisab ni kitendo cha mtu mwenyewe kujiunga na jambo na kujihesabu wa humo. Fiqhi iliwahi mapema kulishughulikia suala la asiyekuwa na ukoo. Mtumwa aliyeachwa huru alipewa kifungo kinachoitwa walaa, na hadithi ya Barira (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim imethibitisha kwamba walaa ni ya yule aliyeacha huru. Wanazuoni wakaifananisha walaa na nasaba, kiasi kwamba haiuzwi wala haitolewi zawadi, na ina haki zake katika mirathi.

Kizazi cha kwanza kilikwenda mbali zaidi ya hapo. Salim, mawla wa Abu Hudhayfa, ndiye aliyekuwa akiwasalisha Muhajirina wa mwanzo kule Quba, kwa kuwa alihifadhi Qur'ani kuliko wao, na mwanamke wa Kikuraishi aliolewa naye. Fatima binti Qays, Mkuraishi, alishauriwa na Mtume (S.A.W.) aolewe na Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Makka yenyewe ilifika zama ambazo mufti wake alikuwa Ataa bin Abi Rabah, naye ni katika mawali. Na ile sanadi ambayo Imam Bukhari aliiona kuwa ndiyo sahihi kuliko zote, ikaitwa silsila ya dhahabu, ni Malik kutoka kwa Nafi' kutoka kwa Ibn Umar. Nafi' alikuwa mtumwa wa Ibn Umar aliyeachwa huru. Katikati ya mnyororo wa dhahabu yupo mtu ambaye wataalamu wa nasaba wanagombana juu ya asili yake, lakini wataalamu wa hadithi hawagombani juu ya nafasi yake. Ibn al-Salah alipoandika Muqaddima yake aliwatengea mawali mlango mzima.

Hayo ni ya vitabuni. Mitaani mambo huenda vingine. Madhehebu yetu ya Kishafii, ambayo ndiyo ya mwambao na bara yake, yameingiza uhuru na nasaba katika mambo ya kafaa katika ndoa, na aliyeachwa huru hakuhesabiwa kufu wa mwanamke aliyezaliwa huru wa asili. Fuqahaa waliweka hivyo kwa ajili ya kumlinda mwanamke na walii wake wasipate aibu kwa desturi ya watu wao, na mwanamke na walii wakiridhia ndoa inaswihi. Lakini mwambao wa Afrika Mashariki wa karne ya 19 uliichukua mas-ala hiyo ya nikahi ukaigeuza kuwa ngazi ya maisha yote. Juu walikaa waungwana na masharifu. Chini yao wazalia, chini ya hao watumwa waliotoka bara juzi. Mtu wa bara aliitwa mshenzi hata akisali sala tano. Neno ustaarabu lenyewe, tukilirudisha katika Kiarabu, maana yake ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Ndilo tulilonalo mpaka leo kwa maana ya tabia njema, na wachache wetu hulifikiria tunapolitamka.

Mtumwa aliyeletwa mwambaoni akasilimu alipewa jina, na jina la baba likawa Abdallah. Fulani bin Abdallah. Kila aliyesikia "bin Abdallah" kwa mtu mweusi aliyetoka bara alifahamu anachoambiwa, kwamba huyu baba yake hatajwi.

Watu wa Barawa na mvuvi wa Bagamoyo

Katika hali hiyo ndipo zilipoenea tariqa. Qadiriyya, inayonasibishwa na Sheikh Abdulqadir al-Jilani wa Baghdad (alifariki mwaka 561 Hijria, sawa na 1166 miladia), ilipata nguvu upande wetu kwa juhudi za Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi (1847–1909). Alikwenda Baghdad akapokea ijaza kwa Sayyid Mustafa wa kizazi cha Jilani, akarudi Barawa, na katika zama za Sayyid Barghash akafika Zanzibar na kupokewa vizuri. Aliuawa mwaka 1909 huko Biyoley, Somalia, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, ambao walikuwa wakizipinga desturi za Qadiriyya. Khalifa wake walitawanyika mwambao na bara.

Waliowafuata ni akina nani? Tukisoma habari zao tunakuta wengi walikuwa watumwa, walioachwa huru, wapagazi, wavuvi na watu wa bara waliohamia mijini. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, aliyejulikana kwa jina la Ramiya. Alizaliwa upande wa Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, akatekwa akiwa mtoto, akafika Bagamoyo akiwa mtumwa wa nyumba ya al-Lamki. Bagamoyo ndipo misafara ilipoishia, na watoto wa namna yake walikuwa wengi. Alipopata uhuru alijishughulisha na samaki, na jioni akakaa mbele ya wanazuoni wa mji. Alisoma hasa kwa Sheikh Abu Bakr bin Taha al-Jabri. Baadaye alipokea ijaza ya Qadiriyya, akafungua madrasa, akajenga nyumba ya dhikri, na mji wote ukawa unamwendea. Waingereza walipoitwaa Bagamoyo mwaka 1916, huyu aliyeingia mjini akiwa bidhaa akawekwa kuwa liwali wake. Alifariki mwaka 1931, na maulidi yake yakaendelea kukusanya watu kutoka mbali, chini ya mwanawe Sheikh Muhammad Ramiya.

Tuitazame "bin Abdallah" hiyo ya Sheikh Yahya. Kwa kanuni za mji hana nasaba. Lakini karatasi ya ijaza inaposomwa jina lake linatajwa kwanza, kisha mwalimu wake, kisha mwalimu wa mwalimu wake, hata kufika Baghdad kwa Jilani, na kutoka Jilani hadi kwa Sayyidna Ali (R.A.) na Mtume (S.A.W.). Mwungwana wa Bagamoyo angeweza kutaja babu saba. Mtumwa wa Manyema alitaja watu zaidi ya hao, na wa mwisho wao ndiye mbora wa viumbe. Hatusemi kwamba kila sanadi ya namna hii imethibiti kwa masharti ya wanahadithi. Wapo maulamaa waliozikosoa, na ukosoaji wao una uzito. Tunasema ilivyofanya kazi katika nyoyo za watu.

Na haikufanya kazi kwa karatasi peke yake, kwani karatasi husomwa mara moja kwa mwaka. Kila juma kulikuwa na halaqa. Halaqa ni duara, na duara halina safu ya mbele. Mmoja anapiga dufu, mmoja anaongoza qasida, mwingine anaitikia, mwingine ameshika chetezo, wengine wanapika pilau nje. Asiyejua kusoma alihifadhi Barzanji kwa kusikia, na hatimaye akaisoma kwa sauti mbele ya watu waliokwenda chuoni tangu utotoni. Aliyejaliwa sauti hakuulizwa babu yake ni nani. Aliyejaliwa kutunga alitunga, kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiswahili, watu wakamtaka atunge tena.

Lamu walikuwa na habari kama hii kwa njia nyingine. Habib Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, sharifu aliyezaliwa Komoro na aliyefariki mwaka 1935, alikaa upande wa Langoni akawafundisha watumwa, walioachwa huru na mafakiri, watu ambao baadhi ya wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha. Akawaletea Maulidi ya al-Habshi kutoka Hadhramaut, akaruhusu dufu ndani ya Msikiti wa Riyadha, na wakubwa wakakasirika. Wengine walisema ni suala la hukumu ya ngoma msikitini. Sisi tunaona, na Allah ndiye ajuaye zaidi, kwamba nusu ya hasira ile ilikuwa juu ya nani anayeipiga. Maulidi ya Lamu leo huendewa na watu kutoka pande zote za mwambao.

Wanawake nao wasisahauliwe. Yuko bibi aliyeitwa Mtumwa binti Ali bin Yusuf, mwenye asili ya Nyasa, aliyeipata Qadiriyya Zanzibar akaipeleka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, akawa khalifa anayefundisha wanawake na wanaume. Jina lake litazameni wenyewe.

Njia ya kwenda bara

Tabora ilipata Qadiriyya katika miaka ya 1890 kwa Sheikh Zahur bin Muhammad al-Barawi, na kutoka hapo ikaenda Ujiji na kwa Wamanyema wa kila mji wa njia ya misafara. Njia hiyo ya kati haikupita kwa Wanyaturu. Ilipita kusini, Ugogo na Mgunda Mkali, pori ambalo wapagazi waliliogopa kwa kiu. Kwa hiyo Sepuka haikuona misafara kama Tabora ilivyoiona, na Uislamu wake haukuletwa na wafanyabiashara wa pembe. Kwa habari tulizozikusanya kwa wazee, uliletwa na watoto wao wenyewe, waliokwenda kutafuta fedha ya kodi wakarudi na kanzu.

Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Baada ya miaka kadhaa ya kutazamana kwa adabu ya baridi tulianza kumtembelea, na akatueleza. Alikwenda mashamba ya mkonge akiwa kijana, zama za Mwingereza. Kambini kulikuwa na watu wa kila kabila, na kila usiku wa Ijumaa Mmanyema mmoja kutoka Tabora alikuwa akikalisha halaqa nyuma ya mabanda. Mnyaturu yule hakujua Kiswahili vizuri, akichekwa kwa anavyokitamka. Akaanza kwa kusimama pembeni. Siku moja mpiga dufu alikuwa anaumwa, akaitwa. "Nilijua mdundo kwa sababu nilikuwa nimeusikiliza miezi minne," alitwambia. "Baada ya hapo hakuna aliyenicheka." Shahada aliitamka wiki iliyofuata, Fatiha aliijua baada ya miezi, na kusoma herufi hakujua mpaka alipokuwa mtu mzima, alipofundishwa na mkewe.

Aliporudi Sepuka hakukuwa na msikiti karibu na kwao. Alifagia uwanja, akaweka mawe kuonyesha kibla, akasali peke yake. Waliomjia kwanza walikuja kwa ajili ya dufu.

Hukumu tuliyoisema na tuliyoiacha

Hatuandiki haya ili kufuta khilafu. Katika kusherehekea Maulidi khilafu ni ya zamani: al-Fakihani (alifariki 734 Hijria) aliandika kupinga, as-Suyuti akaandika kumjibu na kujuzisha, na Ibn al-Haj wa madhehebu ya Kimaliki akayakemea vikali munkari yanayoingizwa humo. Katika zama zetu Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), ambaye hakuna aliyeijua tarekhe ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki kuliko yeye, naye aliandika dhidi ya bid'a. Na ndani ya tariqa zenyewe zilikuwamo kasoro: makhalifa waliouza ijaza, kuchanganyika wanaume na wanawake, na ile dhikri ya kukohoa iliyozusha mabishano baina ya mashekhe wenyewe.

Kosa letu siku ile mimbarini lilikuwa jingine. Kwanza tulisema habari ya dufu kana kwamba haina kauli ila moja, ilhali Imam an-Nawawi katika Minhaj, kitabu tulichokuwa nacho ndani ya sanduku, amelijuzisha dufu katika harusi na khitani, na katika mengineyo kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Mwenye kufuata kauli nyingine ana haki yake, ila hana haki ya kuificha hii. Na hadithi ya Mahabushi waliocheza kwa mikuki msikitini, Mtume (S.A.W.) akiwatazama na Bibi Aisha (R.A.) nyuma yake, imo katika Bukhari na Muslim, sisi tulikuwa tumeihifadhi kwa ajili ya mtihani.

La pili ni zito zaidi. Fuqahaa wanataka mufti ajue hali ya watu anaowafutu. Sisi hatukumuuliza mzee hata swali moja. Yeye alikuwa Muislamu kabla hatujazaliwa, na msikiti tuliomsemea ndani yake ni yeye aliyeuwekea mawe ya kwanza.

Daftari

Karibu na mwisho wa maisha yake mzee alituita nyumbani. Alikuwa na daftari la shule, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai, na ndani yake silsila kwa herufi za Kiarabu. Alitaka tumnakilie upya kabla haijafutika. Jina la kwanza lilikuwa lake, "bin Abdallah", kisha yule Mmanyema wa mkonge, kisha watu wa Tabora, kisha Sheikh Uways, na kuendelea. Makosa ya imlaa yalikuwa mengi, alifu zisizohitajika, kaf mahali pa qaf. Tukauliza kama tuyasahihishe, akakubali yote.

Kisha tukamuuliza kuhusu "bin Abdallah". Akasema ndilo jina alilopewa kambini, baba yake alikufa hajasilimu na hawezi kuandikwa hapo pamoja na mashekhe. Tukamwambia kwamba aya ya 5 ya Suratul Ahzab imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kwamba Sahaba hawakufutiwa baba zao kwa kuwa walikufa katika ukafiri. Umar ni mtoto wa al-Khattab mpaka leo, na Ikrima ni mtoto wa Abu Jahl, na hakuna aliyewaandika bin Abdallah. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza mara mbili kama hilo limo katika kitabu kweli, au tunasema ili kumfurahisha. Tukamfungulia msahafu, mkewe akamsomea.

Akalitaja jina la baba yake, polepole, la Kinyaturu. Lina sauti ambayo Kiarabu hakina herufi yake. Tukachukua ghaini, tukaiongezea nukta kama walivyofanya wazee wa mwambao walipoandika Kiswahili, na yeye akaegemea kuitazama ilivyokaa.

Wabillahi tawfiq.